Vilabu vya Walaji: Wanafunzi Walipogeuza Chakula Kuwa Mchezo

 

Kila wiki tunasema juu ya chakula hapa. Tunasema bei ya maharagi, barabara iliyofungwa, shamba ambalo mwenyewe hawezi kulifikia. Leo nataka tukitazame chakula kwa upande mwingine. Nitaeleza historia ya wanafunzi walioanzisha vilabu na michezo ya kushindana kula kwa ajili ya kucheka tu.

Najua kuna mama mmoja atasema: "Huyu mwandishi amekosa habari? Sisi tunatafuta unga, yeye anatuletea walafi." Mama, ngoja kidogo. Watoto wetu wanacheza michezo hiyo hata sasa, na wakati mwingine inaua. Na historia hii inatufundisha jambo juu ya njaa ambalo kila familia iliyokimbia inapaswa kulijua. Tutafika huko.

Samaki wa Harvard

Tuanze Marekani, mwaka 1939. Nchi hiyo ilikuwa bado inatoka katika miaka mibaya ya uchumi. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na katika miji mikubwa watu walipanga mistari mirefu kungojea supu ya bure. Lakini katika chuo kikuu cha Harvard, ambako watoto wa matajiri walisoma, meza ilikuwa imejaa.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, Lothrop Withington, alijisifu mbele ya wenzake kwamba aliwahi kumla samaki mzima angali hai. Wenzake hawakumwamini. Wakaweka dau la dola 10. Tarehe 3 Machi 1939, ndani ya chumba cha kulia cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbele ya umati na waandishi wa habari, alichukua samaki mdogo wa rangi ya dhahabu, wa namna ile inayofugwa ndani ya chombo cha kioo kwa urembo. Akamtia kinywani, akatafuna kidogo, akameza. Kisha akasugua meno.

Ingekuwa kwetu, jambo hilo lingechekwa siku mbili na kusahauliwa. Lakini magazeti yaliliandika. Muda si muda, mwanafunzi wa chuo kingine akameza samaki watatu, akiwatia chumvi na pilipili. Harvard wakajibu: mwenzao akameza 24. Chuo cha ufundi cha MIT kikafikisha 42. Mwanafunzi wa chuo cha Clark akameza 89. Wanafunzi wakaunda hata chama cha vyuo cha kumeza samaki wa dhahabu, chenye kanuni zake kama vile shirikisho la mpira: samaki awe na urefu gani, ahesabiwe namna gani, nani ashuhudie.

Wakubwa nao wakaingia. Seneta mmoja wa jimbo la Massachusetts, George Krapf, alileta pendekezo la sheria ya kuwalinda samaki wasiliwe kikatili. Waganga wa serikali wakaonya kwamba samaki mbichi anaweza kuleta minyoo. Baada ya miezi michache mchezo ukaisha wenyewe, kama moto wa majani makavu.

Kwa nini vijana wenye akili walifanya hivyo? Samaki hawakuwa na ladha, na dola 10 si mali ya kumfanya mtu aache heshima yake. Walitafuta jina na kicheko cha pamoja, na walitaka chuo chao kitajwe. Kijana akiwa mbali na nyumbani, kati ya watu asiowajua, kicheko ni njia ya haraka ya kupata ndugu. Klabu ya ajabu inampa mgeni mahali pa kukaa.

Maandazi kumi na mawili, na uongo wa soseji

Si kila klabu ilikuwa ya upuuzi mtupu. Mwezi wa Desemba 2004, mjini Raleigh katika jimbo la North Carolina, wanafunzi wapatao kumi wa chuo kikuu cha jimbo hilo walipinga dau. Mtu akimbie kutoka chuoni hadi duka la maandazi, ale maandazi 12 ya mviringo yenye tundu katikati, kisha arudi mbio. Njia yote ni kilomita nane hivi, na saa yake ni moja. Maandazi hayo 12 yana kalori 2,400 hivi, yaani karibu chakula cha mtu mzima cha siku nzima.

Mwaka uliofuata wakaja wengine, kisha mamia, kisha maelfu. Wanafunzi wakageuza dau lao kuwa kazi ya msaada: kila mkimbiaji analipa, na fedha zinakwenda hospitali ya watoto. Kwa miaka hiyo wamekusanya zaidi ya dola milioni moja. Mchezo ni uleule wa kujaza tumbo, lakini faida yake inafika kwa mtoto mgonjwa ambaye hakuonja hata andazi moja.

Kuna pia shindano kubwa la mjini New York, la kula soseji zilizowekwa ndani ya mkate, kila tarehe 4 Julai. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba lilianza mwaka 1916, wahamiaji wanne walipobishana ni nani aipendaye Marekani zaidi. Hadithi nzuri, sivyo? Mwaka 2010 mzee mmoja wa kazi ya matangazo, Mortimer Matz, alikiri kwamba yeye na mwenzake waliitunga ili kuuza soseji. Mashindano yenye kumbukumbu za kweli yanaanza miaka ya 1970. Magazeti yalikuwa yameirudia hadithi hiyo kila mwaka bila kuuliza shahidi. Sisi tunaoishi kati ya uvumi, tunaokimbia usiku kwa sababu fulani amesema fulani anakuja, tunalijua vizuri jambo hili. Habari ikirudiwa mara nyingi haiwi kweli kwa sababu hiyo.

Mwaka 2001 kijana Mjapani, Takeru Kobayashi, aliyekuwa akisoma uchumi nchini kwake, alifika hapo akala soseji 50 kwa dakika 12. Rekodi ya zamani ilikuwa 25 na kidogo. Aliiongeza mara mbili kwa siku moja. Tangu hapo kula kwa kushindana kukawa kazi yenye mshahara.

Mchezo ulipoua

Huko Japani, televisheni zilikuwa zimejaa vipindi vya kula haraka. Watoto wakaiga. Mwaka 2002 mwanafunzi wa miaka 14 alishindana na wenzake shuleni, wakati wa chakula cha mchana, nani atamaliza mkate kwanza. Mkate ukamkaba, akafa. Televisheni zikasimamisha vipindi hivyo kwa muda.

Mwaka 2017, katika chuo kimoja cha jimbo la Connecticut, Marekani, wanafunzi waliandaa shindano la kula chapati tamu. Lengo lilikuwa jema, kukusanya fedha za msaada. Mwanafunzi wa miaka 20 alikabwa mbele ya wenzake. Waganga walimkimbiza hospitali, lakini siku chache baadaye akafa.

Mkate mkavu, chapati, fufu lililokaza, kiazi cha moto: vyote vinaweza kuziba njia ya pumzi. Nasema hili kwa walimu na kwa wazazi. Watoto wakicheza "tuone nani atamaliza wa kwanza", waacheni washindane kwa mbio au kwa kamba. Na mtu akikabwa, asiweze kukohoa wala kusema, msimpe maji na msingoje. Mwinamisheni mbele, mpigeni mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Kama haitoki, simama nyuma yake, zungusha mikono chini ya kifua juu ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano, kisha rudia. Kwa mtoto mchanga msiminye tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni kwa nguvu ya kiasi, kisha mgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili. Wakati huo mwingine akimbie kuita muuguzi.

Na kwetu?

Kwetu hatukuwa na chama cha kumeza samaki. Lakini mchezo wa kula tunao, na una njia zake mbili.

Njia ya kwanza ni kermesi ya parokia na sikukuu za shule. Neno hilo limekuja na mapadri Wabelgiji. Asili yake ni Kiflamandi: "kerk" ni kanisa, na "mis" ni misa. Ilikuwa sikukuu ya kukumbuka kubarikiwa kwa kanisa, na baada ya misa watu walikula, walicheza na kushindana. Leo tunaijua: brosheti, mandazi, tombola, mbio za magunia, yai juu ya kijiko. Na kwenye siku ya elimu, tarehe 30 Aprili, michezo ya namna hiyo inarudi shuleni: ndizi inafungwa kwenye uzi na mtoto anaila bila mikono, uso mzima unapakaa. Hapo anayeshindwa anacheka sawa na anayeshinda, na chakula kinachotumika ni ndizi moja.

Njia ya pili ni ya vyuo. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu, kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954 chini ya ulezi wa chuo kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Pamoja na vitabu zilikuja desturi za wanafunzi wa Ubelgiji, kati yake "ubatizo" wa wapya, wale wanaoitwa bleu. Desturi hiyo imesambaa katika vyuo vingi vya Congo. Ndani yake mna nyimbo na vichekesho, na mna pia wakubwa wanaomlazimisha mpya kula au kunywa uchafu. Huo si mchezo tena. Mtu akilazimishwa kufungua kinywa, hata kama umati unacheka, hilo ni teso. Withington alimeza samaki kwa kutaka mwenyewe, na angeweza kukataa. Bleu anayelazimishwa hawezi. Tofauti iko hapo.

Sisi tuliolala internati tunajua kwamba hata bila sikukuu klabu za walaji zilikuwepo. Chakula kilikuwa vungule, mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja, na kila meza ilikuwa na bingwa wake. Bingwa alipewa cheo cha jenerali au mwami, naye alitetea cheo chake kila Jumamosi. Wengine walimchangia kijiko kimoja kimoja ili meza yao isiaibike. Ukitazama vizuri, bingwa huyo mara nyingi alikuwa mtoto aliyetoka mbali, ambaye kwao hawakuweza kumletea chochote siku ya kutembelewa. Wenzake walipata njia ya kumshibisha bila kumwaibisha. Mchezo ulificha huruma.

Wazee wetu walikuwa wamekwisha kufikiri juu ya tamaa ya chakula kabla ya shule hizo zote. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, ambao mtaalamu Daniel Biebuyck aliuandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Candi Rureke na kuuchapisha mwaka 1969, shujaa Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa pori. Anatuma wawindaji. Msituni wanakutana na Kirimu, joka linalowameza. Mwindo analiua. Lakini joka lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha Mwindo juu, anamtesa kwa baridi na jua mpaka anajifunza kiasi. Shujaa aliyeshinda kila mtu alifundishwa adabu kwa sababu ya hamu ya nyama. Anaporudi, anawaagiza watu wake walime vyakula vya namna nyingi na waache kugombana. Katika agizo hilo shamba na amani vinakwenda pamoja.

Chuo kingine, vijana wengine

Sasa nafika kwenye jambo nililoahidi.

Miaka mitano tu baada ya samaki wa Harvard, katika nchi ileile, chuo kingine kilikusanya vijana wengine kwa ajili ya chakula. Ilikuwa chuo kikuu cha Minnesota, kuanzia Novemba 1944. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaisha, na Ulaya ilikuwa imejaa watu wenye njaa. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua: mtu aliyekaa na njaa muda mrefu alishwe namna gani asife? Vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri walijitolea. Kwa miezi sita walipewa chakula kidogo: viazi, mkate, kabichi na vitu vya namna hiyo, huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki.

Vijana hao walianza wakiwa wachangamfu. Baada ya wiki chache waliacha kucheka na kusimulia wasichana, na neno la siasa halikuwavutia tena. Walizungumza chakula tu. Waliota chakula usiku. Walilamba sahani. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Walikasirika kwa jambo dogo na kutafuta upweke. Nguvu zao zilikwisha, miguu ikavimba, baridi ikawaingia hata wakati wa joto.

Mama mwenye mtoto aliyebadilika tabia tangu mlipokimbia, sikia hapo. Mtoto anayenyamaza, asiyecheza, anayegombana na ndugu zake kwa ajili ya ganda la kiazi, hakuharibika roho. Wanaume wazima, wenye elimu, wasio na bunduki nyuma yao, walikuwa vilevile baada ya miezi michache. Njaa ndiyo iliyozungumza kinywani mwao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hao walikwenda kumjua kwa hiari yao.

Jambo la pili ni hili. Walipoanza kulishwa tena, mmoja wao alikula mno siku moja hata akalazwa hospitali. Mwili uliokonda hauwezi kupokea chakula kingi ghafula. Ndiyo sababu katika vituo vyetu vya afya mtoto mwenye bwaki, au aliyekonda sana na kulazwa, haanzi kwa sahani iliyojaa. Anaanza na maziwa mepesi yaitwayo F-75, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, ndipo anapewa F-100 au pakiti za Plumpy'Nut za gramu 92, kwa kipimo cha muuguzi. Mkipata msaada baada ya majuma ya shida, msimwambie mtoto aliyekonda "kula umalize yote, leo tumepata". Mpelekeni kwanza apimwe mkono. Na pakiti yake isigawanywe kwa watu wazima, ni dawa yake.

Mchezo wa kubaki nao

Mnajua hali ilivyo. Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, kisha Goma. Februari kambi za kandokando ya Goma zikavunjwa. Machi vikafika Walikale-centre. Mwaka huohuo ilihesabiwa kwamba karibu watu milioni 28 nchini Congo hawakuwa na chakula cha kutosha. Na hii ni nchi ya Masisi iliyolisha Goma viazi, maharagi, maziwa na fromaji, na Walikale yenye ndizi, mawese na samaki wa mito. Udongo haujapoteza nguvu. Mkulima ndiye aliyetengwa nao.

Katika hali hiyo, je, watoto wakatazwe kucheka juu ya chakula? Sidhani. Mtu aliyezuiliwa kula hata kicheko chake kikizuiliwa, amebaki na nini? Lakini historia tuliyoipitia inatuonyesha namna ya kuchagua mchezo. Mchezo mzuri mtu anauingia kwa kutaka. Hauharibu chakula cha mwingine. Hauendi haraka kooni. Na mshindi wake anamletea faida asiyecheza, kama wakimbiaji wa Raleigh walivyoifikia hospitali ya watoto, kama meza ya internati ilivyomshibisha jenerali wake.

Kwa walimu, wakufunzi wa watoto na vijana wa makundi ya kambini, napendekeza shindano moja lisilohitaji hata kijiko cha unga. Lifanyeni baada ya watoto kula, si kabla, maana tumbo tupu halichezewi. Gawanyeni watoto kwa makundi. Kila kundi litaje vyakula vya kijiji chao: majina ya aina za ndizi, za maharagi, za viazi, majani ya porini, uyoga na mwezi wake, samaki na mto wake. Jina linalokubaliwa ni lile ambalo mtoto anaweza kueleza linalimwa wapi na linapikwa vipi. Asiyejua aende kumwuliza bibi yake, arudi kesho na pointi. Mtoto wa Bashali atajifunza majina ya Wanianga, mtoto wa Osso-Banyungu atajifunza ya Bakano. Bibi aliyekaa kimya tangu safari ile ataulizwa maswali kumi kwa siku, na yeye ndiye atakuwa mwamuzi.

Watoto waliozaliwa njiani hawajui mbegu ambayo babu yao aliichagua kwa ajili ya mteremko gani. Barabara ikifunguliwa, watahitaji kujua. Mkifanya shindano hilo, tuleteeni orodha ya kundi lililoshinda. Tutaisoma redioni, jina kwa jina, ili walioko upande mwingine wa mlima waongeze yale mliyosahau.